Jeni nzima, wakati mbaya: saratani ya damu ya seli T huanzaje?

Ujumbe wa kuchangia matibabu ya mtoto mwenye saratani ya damu ukiingia kwenye kundi la WhatsApp, haipiti muda kabla mtu hajauliza: "Kwani kwao nani aliwahi kuugua hiyo?" Mara nyingi swali huulizwa kwa nia njema. Likimfikia mama wa mtoto, linakuwa shtaka. Upande wa mume wanaanza kuchambua ukoo wa mke, upande wa mke nao wanachambua wa mume. Daktari akishatamka neno "jeni", basi, hukumu imetoka: ni ya kurithi.

Huo ndio mkanganyiko ninaotaka tuutatue. Ni kweli kwamba saratani ya damu ni ugonjwa wa jeni. Lakini kwa watoto walio wengi si ugonjwa wa kurithi. Hitilafu hutokea ndani ya seli moja tu ya mtoto mwenyewe, wala haikutoka kwa baba au kwa mama. Na ipo aina moja ya saratani hii, ile ya seli T, inayotufundisha jambo la ajabu zaidi. Mara nyingi jeni inayoanzisha balaa haijaharibika. Maelekezo yake ni yaleyale aliyonayo kila mtu mwenye afya. Kosa ni kwamba imefunguliwa katika seli isiyoihitaji, wakati usiotakiwa.

Maneno ya kuanzia

Mwili umejengwa kwa seli, chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndani ya karibu kila seli kuna DNA, uzi mrefu wa maelekezo yaliyoandikwa kwa herufi nne tu za kikemikali, zinazojirudia kwa mpangilio tofauti hadi kufikia kama bilioni 3. Uzi huo umegawanyika katika vipande viitwavyo kromosomu. Jeni ni sehemu ya uzi yenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, kwa kawaida protini, yaani vijenzi vinavyofanya kazi nyingi za seli. Binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000, na maelekezo yenyewe ya protini hizo yanachukua kama asilimia 2 tu ya DNA yote.

Seli ya ini na seli ya ngozi zina DNA ileile. Tofauti yao ni kwamba kila moja imefungua jeni inazozihitaji na kuzifunga nyingine. Kazi hiyo ya kufungua na kufunga, na ya kupima kiasi cha kufungua, ndiyo inayoitwa udhibiti wa jeni.

Fikiria mtandao wa maji wa mtaa. Kila jeni ni bomba lenye koki yake. Zipo protini ambazo kazi yao ni kushika DNA mahali maalumu na kufungua koki ya jeni fulani. Zipo pia sehemu za DNA, nyingine zikiwa mbali kabisa na jeni yenyewe, zinazofanya kazi ya pampu: protini zikikusanyika pale, presha hupanda na jeni hutiririka kwa nguvu. Sehemu hizo hazitengenezi protini yoyote, na kwa miaka mingi DNA ya namna hiyo iliitwa takataka. Leo tunajua kwamba maji yanaweza kuwa safi, bomba likawa zima, na bado nyumba ikafurika kwa sababu tu koki imeachwa wazi.

Tezi ya kifuani

Chembe nyeupe za damu ziko za aina nyingi. Seli T ni mojawapo, na ndizo zinazotambua seli zilizoingiwa na virusi na kuziua, pamoja na kuongoza sehemu kubwa ya kinga ya mwili. Huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, kisha zikiwa bado changa husafiri hadi kwenye tezi iitwayo thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari, juu ya moyo. Tezi hii ni kubwa utotoni na hunywea kadiri mtu anavyokua.

Ndani ya thaimasi kuna mchujo mkali. Kila seli changa hutakiwa kutengeneza kipokezi chake cha kutambulia vijidudu, na ili kila moja iwe na kipokezi tofauti, seli hukata DNA yake yenyewe mahali fulani na kuiunga upya kwa mpangilio mpya. Zile ambazo vipokezi vyao havifai, au vinashambulia mwili wenyewe, hufa. Seli nyingi mno zinazoingia humo hazitoki hai.

Hapa pana jambo ambalo kwa maoni yangu lingesemwa kwa kila mzazi. Mwili wa kila mtoto, kila siku, hukata na kuunga DNA ndani ya seli zinazogawanyika kwa kasi. Ni kazi ya lazima, bila hiyo hakuna kinga. Lakini mkasi ukikata mahali pasipo pake, hata mara moja tu katika mabilioni ya seli, mlango wa saratani unaweza kufunguka. Haikuhitajika dhambi, wala chakula fulani, wala ukoo fulani.

Seli T changa inapogeuka kuwa ya saratani, inagoma kukomaa lakini haiachi kugawanyika. Uzao wake hujaza uboho hadi chembe nyekundu, chembe nyeupe za kawaida na chembe za kugandisha damu zinakosa nafasi. Ndiyo maana mtoto hupauka, huchoka, hupata homa zisizokwisha, michubuko bila kuanguka, damu puani au kwenye fizi. Tezi za shingo huvimba. Na kwa kuwa ugonjwa huu mara nyingi huvimbisha thaimasi kifuani, mtoto anaweza kukohoa na kubanwa pumzi, hasa akilala chali. Dalili hizo hufanana na malaria, kifua kikuu au pumu. Yapo madhara ya kweli hapo: dawa za steroidi zinazotolewa kwa pumu huweza kupunguza seli za saratani kwa muda, uvimbe ukatulia, familia ikashukuru, kisha ugonjwa ukarudi na kumchanganya daktari.

Katika watoto wenye lukemia kali ya limfu, yaani saratani ya damu inayokua kwa kasi kutoka seli changa za kinga, kama asilimia 15 wana aina hii ya seli T. Kwa watu wazima wenye lukemia hiyo ni kama robo. Wavulana huugua zaidi ya wasichana, na sehemu ya sababu inaonekana kuwa jeni iitwayo PHF6 iliyo kwenye kromosomu X: mvulana ana nakala moja tu, ikiharibika ndani ya seli hana ya akiba.

Koki ya TAL1

Jeni ya kuitazama kwa makini inaitwa TAL1, nayo iko kwenye kromosomu 1. Si jeni mbaya. Panya wakiondolewa TAL1 hufa wakiwa bado viinitete, kwa sababu hawatengenezi damu. Seli shina za damu zinaihitaji, na seli zinazoelekea kuwa chembe nyekundu zinaihitaji. Lakini seli ikishashika njia ya kuwa seli T, koki ya TAL1 hufungwa, na inatakiwa ibaki imefungwa.

Kwa wagonjwa kama asilimia 40 hadi 60 wa saratani ya seli T, koki hiyo imekutwa wazi. Imefunguliwaje? Wanasayansi wamepata njia zaidi ya moja.

Kwa wagonjwa wachache, kromosomu 1 na kromosomu 14 zimekatika na kubadilishana vipande, TAL1 ikajikuta jirani na jeni ya kipokezi cha seli T. Jeni hiyo ina pampu zinazofanya kazi kwa nguvu katika kila seli T, kwa hiyo maji ya TAL1 yanasukumwa nazo. Kwa wengine, ambao ni wengi zaidi, kipande cha DNA cha herufi zipatazo 80,000 hadi 90,000 kimekatwa na kutupwa. Kipande hicho kilikuwa kinaitenga TAL1 na jirani yake, jeni ya STIL, ambayo koki yake iko wazi katika seli hizo. Baada ya mkato, TAL1 imeungwa moja kwa moja kwenye koki ya jirani. Alama za mkato huo zinaonyesha kwamba mkasi uliotumika ni uleule wa kutengeneza vipokezi, umekata tu mahali pasipo pake.

Lakini walibaki wagonjwa ambao TAL1 yao ilikuwa wazi, na hakuna kilichokatika wala kuhamia popote. Mfano wao maarufu ni seli za Jurkat, zilizochukuliwa miaka ya 1970 kutoka kwa mvulana wa miaka 14 mwenye ugonjwa huu na zinazokuzwa hadi leo katika maabara duniani kote. Sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu seli T kwa jumla kimetokana na seli hizo. Ilijulikana kwa miaka mingi kwamba TAL1 iko wazi ndani yake, bila kujulikana sababu.

Jibu lilichapishwa mwaka 2014 katika jarida la Science na kundi la Marc Mansour na Thomas Look, wakifanya kazi Boston. Umbali wa herufi kama 7,500 kabla ya TAL1, katika ile DNA iliyodharauliwa, walikuta herufi chache za ziada. Kwa wagonjwa tofauti zilikuwa kati ya 2 na 18. Kwa seli za Jurkat zilikuwa 12. Herufi hizo chache zilikuwa zimeunda mahali papya ambapo protini iitwayo MYB inaweza kushika. MYB ikishashika, huita protini nyingine, na pale ambapo hapakuwa na kitu pakazuka pampu kubwa. Herufi 2 katika bilioni 3, nje ya jeni, na koki ikafunguka. Nikisikia mtu anasema DNA isiyo na jeni haina maana, nakumbuka ugunduzi huu.

TAL1 ikiwa wazi hufanya mambo mawili. Kwanza, protini yake huungana na protini nyingine ambazo zingekuwa zinasimamia ukomavu wa seli T, na kuzitoa kwenye kazi yake. Seli inakwama utotoni. Pili, TAL1 hushirikiana na MYB, GATA3 na RUNX1, na kila moja kati ya hizo husaidia kufungua koki za wenzake. Mtandao unajishikilia wenyewe: ukishafunguka, kila kimoja kinazuia kingine kisifungwe.

Tukio la Paris

Mtu anaweza kuuliza: tunajuaje kwamba kufungua tu jeni nzima kunatosha kuanzisha saratani? Ushahidi mmoja ulipatikana kwa njia yenye uchungu.

Kuna watoto wa kiume wanaozaliwa bila kinga kabisa kwa sababu jeni moja kwenye kromosomu X imeharibika. Mwaka 1999 madaktari wa Paris wakiongozwa na Alain Fischer na Marina Cavazzana-Calvo walianza kuwatibu kwa kuchukua seli za uboho wao, kuziingizia jeni iliyo sawa kwa kutumia kirusi kilichodhoofishwa kama chombo cha kubebea, kisha kuwarudishia. Ilifanikiwa. Watoto walioishi wakitengwa na vijidudu walirudi nyumbani wakiwa na kinga. London nao walifanya matibabu ya aina hiyo.

Mwaka 2002 mmoja wa watoto wa Paris aligundulika kuwa na saratani ya seli T, karibu miaka 3 baada ya matibabu. Akafuata mwingine. Kufikia mwaka 2008 walikuwa watoto 5 kati ya 20 waliotibiwa katika miji hiyo miwili, na mmoja alifariki. Wengine walipona kwa dawa za saratani. Kirusi kile kilipojipachika kwenye DNA, kilikuwa na pampu yake mwenyewe, na kwa walio wengi kati ya hao watano kilitua jirani na jeni ya LMO2. Jeni hiyo haikuguswa ndani. Ilisukumwa tu kutoka nje. Na LMO2 ni mshirika wa karibu wa TAL1: protini zao hufanya kazi zikiwa zimeshikana.

Tangu hapo vyombo vya kubebea jeni vimetengenezwa upya, vikaondolewa pampu hiyo. Watoto wale wanastahili kukumbukwa kwa heshima, maana kilichowapata ndicho kilichobadilisha usalama wa tiba hizi.

Koki moja haitoshi

Kufunguka kwa TAL1 au LMO2 ni mwanzo. Hata kwa watoto wa Paris ilichukua miaka, kwa sababu seli huhitaji hitilafu kadhaa kurundikana kabla haijawa saratani kamili.

Hitilafu inayoonekana zaidi iko kwenye NOTCH1. Hii ni protini inayokaa kwenye ukuta wa seli. Seli jirani ya thaimasi ikiigusa, NOTCH1 hukatwa, na kipande chake cha ndani huingia hadi kwenye DNA na kufungua koki nyingi za ukuaji. Baada ya muda kipande hicho huharibiwa na kazi huisha. Mwaka 2004 ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wa saratani ya seli T wana mabadiliko katika jeni ya NOTCH1 yenyewe. Kwa baadhi, protini hujikata bila kuguswa na jirani. Kwa wengine, kipande cha ndani hakiharibiwi kwa wakati. Kwa hiyo hapa jeni imebadilika kweli, lakini madhara yake yanarudi palepale: koki za jeni nyingine zinabaki wazi. Mojawapo ni MYC, jeni inayoisukuma seli ikue na kugawanyika.

MYC ina historia Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto wa Uganda, ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Huo hutokana na seli B, ndugu za seli T. Baadaye ilijulikana kwamba katika uvimbe huo MYC imehama kutoka kromosomu 8, mara nyingi hadi kromosomu 14, na kukaa jirani na jeni ya kingamwili yenye pampu kali. Jeni nzima, koki ya mwenzake. Kanuni ileile.

Kisha breki huondoka. Kwa wagonjwa kama asilimia 70 wa saratani ya seli T, sehemu ya kromosomu 9 yenye jeni ya CDKN2A imefutika. Jeni hiyo kwa kawaida huisimamisha seli inayogawanyika kupita kiasi.

Yanayosemwa mitaani

Kurithi nimeshakueleza. Yapo magonjwa machache ya kurithi yanayoongeza uwezekano, kama ataksia telanjiektasia, ambamo seli hushindwa kurekebisha DNA iliyokatika, lakini ni nadra. Mabadiliko mengi niliyoyaeleza hapa yapo ndani ya seli za saratani tu. Ukipima seli za mashavu ya mtoto huyohuyo, hutayakuta.

Haiambukizi. Mtoto anaweza kukumbatiwa, kula sahani moja na wenzake, kulala kitanda kimoja na ndugu yake. Tahadhari zinazowekwa wodini ni za kumlinda yeye na vijidudu vya wengine. Watu wengine wamesikia kuhusu kirusi cha HTLV-1, na ni kweli kirusi hicho huweza kuleta saratani nyingine ya seli T, ya watu wazima, iliyoelezwa kwanza Japani mwaka 1977. Kirusi hupita kwa maziwa ya mama, ngono na damu, na wengi walio nacho hawaugui kamwe. Huo ni ugonjwa mwingine, hata kama majina yanakaribiana.

Kuhusu mitishamba, nasema hili kwa msisitizo. Vinkristini, dawa inayotumika karibu kila mahali kutibu lukemia ya watoto, asili yake ni ua dogo la Madagaska linalopandwa kwenye bustani nyingi za kwetu. Wapo wanaochukua habari hiyo kama ruhusa ya kuchemsha majani yake. Mtoto hupewa vinkristini kwa miligramu zisizozidi 2, tena mshipani, na ikizidi huharibu neva. Sufuria haiwezi kupima hivyo.

Tiba ilipofikia

Tiba ya msingi ni mchanganyiko wa dawa kwa miaka 2 hadi 3: steroidi, vinkristini, asparaginase, methotreksati na nyingine, pamoja na dawa zinazoingizwa kwenye maji ya uti wa mgongo kwa sababu seli hizi hupenda kujificha kwenye ubongo. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye aina hii wanaishi. Dawa nyingi kati ya hizo ni za zamani na zinajulikana hapa kwetu. Watoto wetu wanapotea zaidi kwa kuchelewa kufika, kwa maambukizi wakati wa matibabu, kwa dawa kukosekana na kwa familia kuishiwa nauli katikati ya safari ndefu. Homa ikipungua baada ya mwezi wa kwanza wa dawa, mtoto akaanza kucheza, tafadhali msimwachishe. Seli zilizobaki hazionekani kwa macho, lakini zipo.

Kwa nini basi wasitengeneze dawa ya kufunga TAL1? Kwa sababu protini zinazoshika DNA kwa kawaida hazina tundu ambalo dawa inaweza kuingia na kuzizuia. NOTCH1 ilionekana rahisi zaidi, maana kimeng'enya kinachoikata kina dawa za kukizuia. Zilipojaribiwa, wagonjwa walipata kuhara kukali, kwa sababu utumbo nao hutumia NOTCH kujijenga upya kila siku. Koki ya saratani ni koki ya mwili pia.

Njia nyingine ilianza kuonekana mwaka 2022 katika hospitali ya Great Ormond Street, London. Msichana wa miaka 13 ambaye saratani yake ya seli T ilikuwa imekataa dawa na hata upandikizaji wa uboho, alipewa seli T za mtu mwingine zilizobadilishwa herufi mojamoja za DNA ili ziwinde seli zake za saratani bila kushambuliana zenyewe kwa zenyewe. Saratani ilitoweka, kisha akapandikizwa uboho mara ya pili. Bado ni tiba ya majaribio na ya gharama kubwa mno.

Upandikizaji wa uboho ndio unaofanya ndugu wa mgonjwa waitwe kupimwa, na hapo minong'ono huanza tena nyumbani: kumbe na wao wanashukiwa. Hawashukiwi. Wanapimwa kuona kama uboho wao unafanana na wa mgonjwa kiasi cha kumchangia, na kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana naye.